Mwanga wa Upande wa Kulia

Juzi nilikwenda Ukunda kutafuta taa ya kuweka kwenye meza yangu ya kushonea, na kijana wa dukani akaniuliza, "Mathe, unataka mwanga gani? Nyeupe ama ya manjano?" Swali dogo tu, la biashara. Nikageuka nikatazama upande wangu wa kulia. Akadhani sikusikia, akaniwashia moja ya zile globu za kizamani zinazopata moto, na vumbi lililolala juu yake likaanza kuungua. Harufu ile ndiyo iliyonimaliza. Nikamwambia nitarudi, nikatoka nje nikasimama kivulini.

Baba yangu tulimzika kabla ya mvua hizi za juzi. Naandika haya kwa kuwa naona yanaanza kunitoka, na sijui kama nayakumbuka sawa. Shule sikwenda mbali, na kakangu Hamisi akisoma atasema hapa na pale nimekosea. Pengine ni kweli. Yeye alikuwa mkubwa, mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, wa kusomeshwa Kurani, ambaye hata juzuu ya kwanza hajaimaliza. Nitasema nilichokiona, na nilichokidhania nitakisema kuwa ni dhana.

Tulikuwa tunakaa nje kidogo ya Msambweni. Baba alikuwa mtunza bustani katika jumba moja la kifahari kule Diani. Maua ya watu hakuyapenda wala hakuyachukia. Alichokipenda ni kofia. Akirudi alasiri, akishakoga na kuswali, hukaa kwenye meza yake ndogo chumba cha mbele akadarizi kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Nguo nyeupe, uzi mweupe. Ukiitazama kwa mbali waona weupe tu. Ukiisogeza machoni ndipo waona mawimbi, nyota, majani, yote yametokezwa kwa vitundu vinavyoingia ncha ya sindano. Hakuziuza. Alimpa huyu aliyeoa, alimpa yule aliyehitimu, nyingine alizipeleka msikitini zikavaliwa na asiyekuwa nayo. Watu walimwambia, "Uza, Mzee Bakari." Naye hujibu, "Nikiuza itakuwa kazi, na kazi ninayo."

Hamisi alipochumbia kule kisiwani Funzi, baba alisema maneno ambayo nyumba nzima iliyasikia. "Kofia ya nikaha nitaidarizi mimi. Kijana wangu hatavaa ya duka nami ni hai."

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka nyumba zetu kabla ya stima. Baba alitegemea jua. Meza ilikaa ubavuni mwa dirisha, na dirisha lilikuwa upande wake wa kulia, laelekea ua wa jirani yetu Bi Mwanasha, mjane mmoja mtu mzima sana aliyekuwa akitupikia vitumbua zaidi ya alivyojipikia mwenyewe. Hapo baba alishona miaka yote bila ya neno. Lakini kofia ya Hamisi alipoianza, akaanza kulalamika. "Mkono wangu wanifunika," alisema. Anashona, kivuli cha mkono kinaangukia papo hapo anaposhona. Akisogeza kofia, kivuli chasogea nayo. Mama akamwambia mkono ni ule ule wa siku zote. Baba akasema basi jua ndilo limebadilika.

Wakati huo ndio tulikuwa tunavutiwa stima. Fundi alikuwa Mutua, mtu wa bara, mpole, mwenye kucheka na watoto. Kiswahili chake kilikuwa cha mbio, kila kitu kwake ni "iko" na "hiyo". Hata mimi aliniita "hii mtoto iko na akili". Siku moja mimi nikiwa chini ya meza naokota vipande vya uzi, Mutua akasimama na koleo lake mkononi, akamtazama baba anavyohangaika, akamwambia:

"Mzee, shida yako ni hiyo mwanga ya upande wa kulia. Hiyo ndiyo inakumaliza macho. Wewe hama. Peleka meza ukuta ile nyingine, halafu mimi nitakuwekea kitu hapa kushoto ikusaidie."

Sasa hapa ni lazima nieleze, maana bila hivi mtanicheka tu. Nyumbani kwetu taa ilitoa mwangaza. Jua lilitoa mwangaza. Neno mwanga mimi nililijua kutoka chuoni, na chuoni mwanga alikuwa mtu. Mwanga ni yule atokaye usiku uchi, akacheza mlangoni kwa watu, akala mtoto wa huyu na mguu wa yule. Watu wazima wataniambia, mtu mwanga husemwa "anakumaliza" na mwanga wa taa husemwa "unakumaliza". Najua. Lakini Mutua alisema "inakumaliza", na Mutua alisema hivyo kwa watu na kwa vitu sawasawa. Mimi nilitazama upande wa kulia. Nikaliona dirisha, na nje ya dirisha nikamwona Bi Mwanasha ameinama anafagia ua wake.

Jioni ile ile meza ikahamishwa. Mama alishika upande mmoja, Mutua upande mwingine, baba amebeba kofia na nyuzi. Hakuna aliyenieleza kwa nini, na mimi sikuuliza. Nilijua. Tulikuwa tunakimbia.

Yaliyofuata yote yalinithibitishia. Siku moja Bi Mwanasha alikuja na sahani ya vitumbua, kaifunika kwa kawa. Akapiga hodi, akaingia, akasimama karibu na kiti cha baba upande ule ule wa kulia, akanyoosha sahani.

"Msalkheri, Baba Hamisi."

"Msalkheri, Bi Mwanasha," baba akajibu, macho hayakutoka kwenye kofia. Na sahani hakuipokea. Mkono wa yule mama ulikaa hewani. Kwetu sisi mtu kukataa chakula cha jirani ni neno zito, ni kama kumwambia usoni kuwa ni mchawi. Bi Mwanasha akajaribu kuligeuza mzaha.

"Ee, yakhe! Dirisha umelihama, na mkono wangu pia umeuhama?"

Mama akaruka akaipokea sahani. "Msamehe huyo, dada. Macho na masikio kayashonea humo ndani ya kofia. Mimi mwenyewe siku hizi hanioni."

Walicheka. Baba akageuka, akaiona sahani, akashtuka kweli kweli. "Niwie radhi, sikukuona!" Lakini mimi nilimwona Bi Mwanasha anavyotoka, hakucheka tena alipofika mlangoni. Na vitumbua vile, Mungu anisamehe, vyangu niliwapa kuku. Nikakaa nikiwatazama wale kuku kama watakufa.

Stima ikawaka. Mutua alianza kwa kututundikia globu darini, na sisi watoto tukapiga makofi. Baba akakaa chini yake, na kivuli cha kichwa chake kikaangukia kofia yote. Mutua akaenda akarudi na taa ya mezani yenye shingo ya kukunjika, akaiweka kushoto. Hiyo ilikuwa nyeupe kali. Weupe juu ya nguo nyeupe juu ya uzi mweupe, viua vikapotea kama chumvi ndani ya maji, baba akawa anafumba macho na kupapasa. Ndipo wakatafuta ya manjano. Mutua akaikatia kofia ya bati kutoka kopo la maziwa, isimpige baba usoni. Akaiinamisha chini kabisa, mwangaza ukaingia kwa ubavu, na kila kishono kikasimama na kivuli chake. Mama naye akaleta kipande cha buibui lake la zamani, akakitandika chini ya ile nguo, vitundu vikaonekana vyeusi.

Siku hiyo nataka kuiandika vizuri, kwa sababu ilikuwa nzuri. Baba aliinamia kofia akashona safu moja. Halafu akacheka peke yake. "Mutua," akasema, "wewe mtoto wa watu utaingia peponi na koleo lako mkononi." Mutua akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, nimeegemea mguu wa baba, nasikia harufu ya vumbi linaloungua juu ya globu na sauti ndogo ya uzi unapopita kwenye nguo, nikawa naamini kabisa kwamba ile taa imewekwa kumkinga. Upande wa kulia kuna mwanga, upande wa kushoto kuna taa inayotulinda. Nililala raha.

Haikudumu. Sijui ni muda gani ulipita, mtoto hahesabu. Nakumbuka baba akianza kufumua usiku kile alichoshona jioni. Viua vilikuwa vinatoka nje ya mstari. Nyota ilikuwa na upande mmoja mkubwa. "Hii taa imechoka," akasema. Akabadilisha globu. Akabadilisha tena. Akasema bati la Mutua linarudisha mwangaza vibaya, akalitoa. Akalirudisha. Alianza pia kugonga bega kwenye kizingiti cha mlango, na kikombe cha chai akawa anakiweka pembeni ya meza mpaka kikaanguka. Nikija kwa mbele ananiona, nikija kwa ubavu ananikanyaga. Kila jambo nililihesabu dhidi ya Bi Mwanasha.

Mutua akaitwa. Akaja na bisibisi yake ya kupimia stima, akapima.

"Mzee, taa iko sawa."

"Haiko sawa."

"Iko sawa kabisa, mzee wangu."

"Basi hiyo stima yenyewe ndiyo dhaifu."

"Stima pia iko sawa," Mutua akasema polepole, na akamtazama mama. Mama akatazama chini. Mutua akafunga vyombo vyake, akanipapasa kichwani, akaondoka. Kwa muda mrefu nilipokuwa mkubwa nilimlaumu moyoni kwa kutosema alichokiona. Sasa simlaumu. Mgeni atamwambiaje mwenye nyumba, ndani ya nyumba yake, kwamba kilichoharibika si taa?

Baba akatoa stoo taa ya zamani ya karabai, ile ya kupampu mafuta. Alasiri, jua linawaka nje, akafunga dirisha na mlango, akaitia moto karabai upande mmoja na ile ya Mutua upande mwingine, chumba kikawa tanuri. Karabai inanguruma, baba anatokwa jasho, mama anampepea kwa kipepeo cha jikoni. Nikaha ilikuwa imeshakaribia. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Nikasikia baba akisema "Ah!" na nikaona tone la damu likienea kwenye ile nguo nyeupe, kwenye upande uliokuwa umekwisha. Sindano ilikuwa imeingia chini ya ukucha.

Baba hakuitupa kofia. Aliiweka mezani kwa adabu, akabandika kiganja juu yake. Kisha akasema, "Kaniitieni Mutua. Mwambieni taa zote mbaya."

Na mimi, kwa vile nilikuwa nalia na sikuweza kunyamaza tena, nikasema, "Mutua kashasema, Baba. Alisema ni mwanga wa upande wa kulia. Si ni Bi Mwanasha?"

Karabai iliendelea kunguruma. Nilingoja nipigwe, au wacheke. Mama hakucheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, na ninaliandika kwa kusitasita maana mama yu hai na ni mtu mwema. Hakucheka. Alikiacha kipepeo, akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto husema asichokijua. Lakini..."

"Lakini nini?" baba akauliza.

"Sisemi mimi. Watu ndio wasemao. Kwamba umekataa chakula chake. Kwamba tangu umehamisha meza..."

"Watu gani?"

Mama akakiokota kipepeo. Baba alipapasa karabai, akaifungua upepo, ikazima kwa pumzi ndefu. Akainuka akafungua dirisha na mlango. Kule uani Bi Mwanasha alikuwa anaanika muhogo, kajifunga leso kifuani, hana habari.

"Sikiliza, Mama Hamisi," baba akasema. "Kama si taa, basi ni macho. Nimejua zamani. Nimejificha nyuma ya taa kwa sababu taa hununuliwa nyingine. Lakini mimi nisiposema ni macho, nyinyi mtasema ni mtu. Yule mama kamzika mume na watoto wawili, sitamwongezea hilo. Kesho twende hospitali."

Akanivuta. Akanieleza pale pale, ameshika mikono yangu miwili, kwamba mwanga aliousema Mutua ni huu, akaelekeza kidole dirishani, mwangaza wa jua, ndio wa bara wauita hivyo. "Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Sikuelewa. Nilijiuliza, kama ni jua tu, mbona baba analia?

Hospitalini nilikwenda nao kwa kuwa hapakuwa na wa kuniacha naye, na mama hakuthubutu kumwomba Bi Mwanasha. Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimtazama baba ndani ya macho kwa kile kitaa chake kidogo kwa muda mrefu. Akamwambia ni presha ya macho, kwamba huanza pembeni na kuingia ndani polepole na mtu haumwi, kwamba jicho la kulia limekwisha kwenda na la kushoto limebaki kama anayechungulia tundu la ufunguo. Kuna dawa ya matone ya kuchelewesha. Kilichokwenda hakirudi. Alisema vizuri, hakumficha wala hakumtisha, na mimi namshukuru mpaka leo.

Baba akauliza swali moja tu. "Kwa hivyo taa zilikuwa nzima?"

Daktari hakuelewa. Mama alielewa, akajifunika uso kwa ushungi.

Tulipofika nyumbani baba hakuingia kwetu. Alikwenda moja kwa moja uani kwa Bi Mwanasha, mkono mmoja kwenye bega langu.

"Hodi, Bi Mwanasha. Vile vitumbua vya siku ile, sikuviona. Nimetoka kwa daktari, macho yangekuwa mazima ningevila vyote."

Bi Mwanasha alisimama na unga mikononi. "Nami nilikaa nikijiuliza nimemkosea nini huyu," akasema. "Nikasema labda na yeye kasikia ya watu, kayaamini."

"Najua ulichojiuliza. Ndiyo maana nimekuja kabla sijakaa."

Yule mama akakaa chini hapo hapo kwenye mchanga, akalia. Si kilio cha kumlilia baba peke yake, nadhani. Mimi nilitazama machozi yake yanavyoshuka na kuchora njia kwenye unga, na hapo ndipo, si kwa maelezo ya baba, mwanga wangu alipokufa. Akabaki bibi kizee tu.

Hamisi alipoambiwa, alisema ataivaa kofia vile vile ilivyo. Baba alikataa. "Hutaketi mbele ya shehe na nyota yenye upande mmoja," akasema. Hamisi akasema, "Baba, hakuna atakayeiona." Baba akasema, "Wewe umeiona." Walibishana kwa upole siku nzima, kila mmoja akitaka kumwondolea mwenzake aibu. Sijui nani alikuwa na haki, nahisi wote wawili. Mwishowe kofia ya duka ikanunuliwa, kofia nzuri, siisemi vibaya. Viua vyake vya mashine vimelingana kama meno ya kitana.

Nikaha ilisomwa kwa wakwe, Funzi. Mimi nilikuwa bado mdogo kiasi cha kuruhusiwa kwenye baraza la wanaume, nikapewa birika na beseni niwamiminie maji ya kunawa. Baba aliketi kwenye jamvi pamoja na wazee watatu wa upande wa bibi harusi. Mmoja wao, mwenye ndevu nyeupe, akainua sauti watu wote wasikie.

"Mashallah, Mzee Bakari! Tulikuwa tukisikia sifa za mkono wako, leo tumeuona. Kofia ya mwanao imenyooka!"

Wengine wakaitikia mashallah. Hamisi alikuwa ng'ambo ya pili, nilimwona anainamisha kichwa. Ilikuwa rahisi baba aseme ahsante. Watu wangekula, tungepanda mashua turudi, na hakuna ambaye angejua. Nilisimama na birika, natamani aseme ahsante.

"Si mkono wangu huo," baba akasema. "Hiyo ni ya duka. Yangu haikuisha. Macho yamekwisha kwanza."

Alisema bila ya kujikaza, kama mtu anayetaja kijiji anakotoka. Baraza zima likageuka kumtazama. Yule mzee akasema, "Inshallah utaimaliza," na baba akasema, "Hapana, haitaisha. Lakini nashukuru umedhani ni yangu." Kisha sinia ya pilau ikaletwa ikawekwa kati yao wanne, na watu wakaanza kuzungumza tena, haraka haraka, juu ya mambo mengine.

Baba alinyoosha mkono. Ukagusa ukingo wa sinia, ukarudi, ukaenda tena. Alipata wali. Wazee wale watatu hawakutazamana wala hawakuambiana neno. Niliona tu vidole vyao, kimoja baada ya kingine, vikisukuma nyama kuvuka sinia mpaka upande wake, kila anapoimaliza vikamsogezea nyingine, huku midomo yao ikiendelea kuzungumzia mvua. Baba hakuwa mtu wa nyama. Nyumbani alikula kipande, kingine akanipa mimi. Siku ile alikula yote waliyomsogezea, mpaka ya mwisho, akalamba na vidole, na kila mara akasema alhamdulillah kwa sauti ya kuwafikia wote watatu.